Kwa Nini Mlango wa Dema Hufungwa kwa Uzi wa Mgomba

Kila mkija likizo mnanicheka. Bibi, dukani kuna ugwe wa nailoni, kwa nini unafunga mlango wa dema lako kwa uzi uliochanwa kwenye mgomba? Kwani hujawahi kuliona duka? Nimeliona. Kaeni hapo, mikono yangu ina kazi ya kusuka mtego lakini mdomo hauna kazi, niwaambie uzi huu ulianzia wapi.

Wakati kamba wa mtoni walipokuwa bado wanasema na watu, hapa Kibanju madema yalifungwa kwa chochote kilichopatikana. Watu walikuwa wakulima wa mpunga kama sisi, na kuvua kamba hakukuwa kazi yao, kulikuwa starehe yao. Mavuno yakiisha, kila nyumba ilisuka dema moja la mianzi, ikalizamisha kwenye kijito maji yakijaa na kulitoa maji yakipwa. Kamba walijua mchezo huo. Waliingia kufuata machicha ya nazi, wachache wakaliwa, wengi wakabaki majini, na hakuna aliyenung'unika.

Mtulia ndiye aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote. Akiliona dema la mwenzake alisonya, akauliza kama hilo ni tenga la kuku. Alikuwa na mke, Somoe, na mwaka huo wakapata mtoto wao wa kwanza. Mtoto aliishi siku tisa. Somoe akajilaza, chakula kikamkinai, hata uji. Kitu pekee kilichopita kooni mwake kilikuwa mchuzi wa kamba.

Basi Mtulia akasuka dema ambalo halijawahi kuonekana. Fito alizikaza hata kamba mdogo asipate pa kupenya, na mdomo akautengeneza mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, ili anayeingia asijue alikotokea. Mlango wa ubavuni, ule wa kutolea kamba, aliufunga kwa ugwe wa makumbi ya nazi aliousokota mara tatu, ugwe ambao maji ya chumvi hayauwezi. Msimlaumu. Mtu anayemwona mkewe akidhoofika mbele ya macho yake hawezi kuwafikiria watoto wa kamba.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri, Somoe akanywa mchuzi na kuketi. Kisha mvua kubwa ikanyesha huko juu, mto ukafurika na dema likachukuliwa na maji. Mtulia alilitafuta siku mbili, akakata tamaa, akasuka jingine kama lile. Jipya likatoka tupu. La jirani likatoka tupu. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, na kijiji kizima hakikupata hata kamba mmoja wa kuonja. Wapo waliosema kwamba huzuni ya Somoe ndiyo iliyoyachafua maji. Mnawajua watu. Naye Somoe akarudi kitandani, akabaki mifupa.

Likaja bamvua, maji yakapwa hadi matope ya chini yakaonekana. Mtulia akafuata kijito hadi kwenye kona ya mikoko, na pale, katikati ya mizizi, akaliona dema lake. Lilikuwa zima, halijalegea popote. Lilikuwa limejaa magamba matupu ya kamba. Hapo akaelewa. Kamba aliingia, akakosa njia, akafa, na mzoga wake ukawa chambo cha mwingine. Huyo naye akafa, akamwita wa tatu. Dema lilikuwa limevua peke yake karibu mwezi mzima, na hakuna aliyekula.

Juu ya magamba alibaki kamba mmoja hai, jike, amebeba mayai chini ya mkia.

"Mwenye dema," akasema yule kamba, "tumekungoja sana. Mbona hukuja kutula?"

Nyinyi mngejibu nini? Mtulia akakata ugwe, akamtia yule kamba katika kibuyu cha maji, akasimama matopeni akigombana na nafsi yake. Kamba mmoja ni bakuli moja la mchuzi, na mke ni mmoja. Akampeleka nyumbani. Lakini alipofika alimweleza Somoe yote, hakuficha kitu.

Somoe akachungulia kibuyuni. "Ana wanawe huyu."

"Ndiyo."

"Na unataka niwanywe?"

Mtulia akalia. "Nataka uishi, mke wangu."

"Basi niinue," akasema Somoe.

Hakuwa ametoka nje tangu mazishi. Alimwegemea mumewe hadi kijitoni, akainamisha kibuyu kwa mikono yake mwenyewe. Yule kamba akatoka kinyumenyume, macho yakiwatazama, asiseme neno. Wala hakuna kamba aliyesema na mtu tangu hapo. Somoe akakaa ukingoni, akamlilia mwanawe kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alilia mpaka akachoka. Kisha akasema, "Nina njaa," na siku hiyo akala mabakuli mawili ya uji.

Mtulia akasuka dema jingine, fito zikiachana kidogo ili wadogo wapite. Mlango akaufunga kwa uzi wa mgomba. Majirani wakamcheka kama mnavyonicheka mimi, wakamwambia uzi huo utaoza.

"Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Utaoza kwa siku nane. Nikija kabla, nitakula. Nisipokuja, mlango utafunguka wenyewe."

Na tangu siku hiyo hapa Kibanju mlango wa dema hufungwa kwa uzi wa mgomba, na jike mwenye mayai hurudishwa majini bila kuulizana.

Babu yenu alitega dema lake la mwisho Jumatano, na Ijumaa tukamzika. Mnajua alivyokuwa msiri, hakumwambia mtu alilitega wapi. Nduguze walilitafuta, wasilione. Nililia kwa mengi siku zile, lakini si kwa dema lile. Nilihesabu tu siku. Ilipotimia ya nane nikasema moyoni, sasa hakuna anayemngoja.