Siku Bwana Ukiwa Alipovaa Shati la Makungu

Hapo zamani, na mwenye usingizi akalale sasa maana sirudii, palikuwa na kijiji kikiitwa Mvumoni, watu wake wakulima wa mtama. Kila wakishavuna, kabla ya kufyeka mashamba mapya, walisuka mtu wa mabua. Wakampa kichwa, wakampa tumbo, wakamwita Bwana Ukiwa. Mwenye majonzi nyumbani kwake alimvisha nguo moja. Kisha Bwana Ukiwa akachomwa uwanjani mchana kweupe, na watu wakarudi makwao bila kugeuka nyuma. Majonzi yamekwenda na moshi. Ndivyo walivyosema.

Masharti yalikuwa mawili. Nguo iwe ile inayokuuma kuitoa. Na uitoe kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini watu ni watu. Mwaka hata mwaka walitoa matambara ya kuepulia vyungu. Bwana Ukiwa akaungua amevaa masizi ya jikoni, na mwaka wa pili akarudi amenenepa. Wakashangaa. Washangae nini? Mgeni unayemfukuza huku unampakulia, ataondoka?

Basi kijijini hapo palikuwa na mjane, Siwema binti Pandu. Mumewe, Makungu, alikuwa mgema. Alianguka kutoka juu ya mnazi, akafa palepale. Siwema hakulia. Aliingia ndani, akalala ameukabili ukuta, amelikumbatia shati la mumewe, shati la mistari ya buluu, halijafuliwa. Hasemi. Akiletewa uji anaonja kwa heshima ya aliyeuleta, basi. Eda ikaisha, yeye hajainuka. Waganga walikuja, wakala kuku, wakaenda zao. Kila aliyemtazama aliona kwamba huyu anamfuata mumewe, ila hana haraka.

Baba yake, Mzee Pandu, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na sifa za ng'ombe yule zilivuka mto. Akatangaza kwamba yeyote atakayemfanya binti yake ainuke, aseme, ale, ng'ombe ni wake. Hakusema watu wawili. Hakusema wagawane. Kuna wazee wakitangaza jambo hawalifikirii mpaka mwisho.

Siku ya kumchoma Bwana Ukiwa ikafika. Chausiku, dada wa marehemu, akaingia chumbani kwa wifi yake. Akamwomba shati. Siwema akalibana zaidi. Chausiku akaketi, akangoja usingizi umchukue Siwema, akalichomoa polepole na kuacha kanga mahali pake. Akalipeleka kwa Shomari, msukaji wa mabua.

Sasa Shomari alikuwa fundi, na fundi akipata kitu kizuri hajizuii. Alipoliona shati akamkumbuka mwenyewe. Makungu alikuwa na bega moja limeshuka, bega la kubebea vibuyu vya tembo. Shomari akafumua mabua, akashusha bega. Akaisogeza shingo kidogo mbele. Akamvisha shati. Watu waliokuwa wakipita wakicheka, wakaacha kucheka.

Siwema akaamka, akapapasa, akakuta kanga. Akatoka amejishikilia ukutani, akafuata makelele mpaka uwanjani. Moto ulikuwa umeshika miguu ya Bwana Ukiwa. Yeye hakuona mabua. Alimwona mumewe amesimama anaungua. Akaingia motoni bila sauti, akashika mkono wa shati, na kiganja kikaungua pamoja nao.

Aliyemdaka ni Bi Tatu, jirani yake, mwanamke aliyezika waume watatu na ulimi wake haukufa na yeyote. Alimvuta kiunoni, akamwangusha chini, akamkalia.

"Tulia, binti," akamwambia. "Unamkimbilia nani? Makungu nilimjua. Tembo lake lilikuwa maji. Hakustahili machozi ya paka."

Siwema, akiwa chini yake, akafungua kinywa mara ya kwanza tangu maziko.

"Mumeo wa mwisho alikuwa akiruka ua kuja kuyanywa hayo maji, Bi Tatu, maana kwako alikosa hata chumvi. Niondokee. Matako yako mazito kuliko akili zako."

Mtu mmoja uwanjani akacheka, halafu wote. Na Siwema ndipo akalia, kilio kile alichokiweka siku zote hizo. Alipomaliza, shati lilikuwa jivu. Akasema ana njaa. Akala ugali kwa mlenda, akaongezwa, akala tena. Kesho yake alionekana shambani, jembe mkono mmoja, hamsalimu mtu.

Hapo ndipo watu watatu wakakutana mlangoni kwa Mzee Pandu, kila mmoja na maneno yake.

Chausiku alisema ng'ombe ni wake, kwa kuwa bila shati pasingekuwa na jambo. "Na msidhani lile lilimuuma wifi peke yake. Makungu ni kaka yangu wa tumbo moja. Mimi nilibakiwa na nini chake?"

Shomari alisema shati likitundikwa juu ya kichuguu ni shati tu. Kilichomkimbiza Siwema ni bega, na bega kalishusha yeye, wala hakuagizwa.

Bi Tatu alisema, "Nyote wawili mlimtoa nje ili aungue, mimi nikamtoa motoni. Tena maneno yake ya kwanza niliyapokea mimi, usoni, mbele ya wajukuu zangu. Kuna mwingine aliyelipa hivyo?"

Siwema akafika, kiganja kimefungwa jani la mgomba.

"Baba, nimewasikia," akasema. "Sharti la hapa ni kutoa kwa mkono wako. Mimi sikutoa. Wifi yangu kaniibia. Fundi kanichomea mume wangu, nami bado nilikuwa naye. Jirani kanitukania maiti. Mtu akidhulumiwa Mvumoni hulipwa. Ng'ombe huyo ni fidia yangu."

"Lakini umepona, wifi," Chausiku akasema.

"Nimepona. Alikutuma nani?"

Shomari akatazama mikono yake.

Mzee Pandu kasimama ameshika kamba, hajui ampe nani. Na msinijie na jibu la wote, maana ng'ombe akigawanywa ni nyama. Haya, semeni ninyi mnaojua kila kitu. Kamba apewe nani: aliyeiba shati, aliyelishusha bega, aliyemwokoa akamtukania mfu wake, au yule aliyeponywa bila kuulizwa kama anataka kupona?