Kwezi Apimwa Mlango

Zamani hizo, watoto, wakati wanyama wakijenga nyumba, wakialikana na kusengenyana kama sisi, aliishi Punda mmoja mwenye banda kubwa na nguvu za kubeba mizigo ya kijiji kizima. Nguvu zote hizo zilishindwa na inzi. Walimkaa machoni, wakamkaa masikioni, wakamkaa kwenye kidonda cha mgongoni tangu asubuhi mpaka jua kutua. Akipiga mkia huku, wanahamia kule.

Mkewe akamwambia kwamba anayewaweza inzi ni Mbayuwayu, kwa sababu huwadaka hewani kutwa nzima wala hachoki. Basi Punda akapigilia mbao, akatengeneza visanduku vitatu vyenye tundu mbele, akavitundika chini ya paa. Kisha akamwita Mbayuwayu aje akae na kulea watoto wake humo. Hakutaka kitu kwake ila inzi waliwe.

Mbayuwayu alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani, mwepesi, mwenye mkia wa panda na maneno machache. Akaja, akatandika nyasi laini kwenye kisanduku cha kati, akataga mayai manne. Inzi wakapungua. Punda akalala mpaka akakoroma.

Habari za visanduku zikamfikia Kwezi.

Huyu alikuwa ndege mkubwa mwenye manyoya ya buluu yanayomeremeta, na wa kwanza kuyasifia alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka aitwe Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyekumbuka ni nani aliyempa cheo hicho. Alifika wakati Mbayuwayu ameenda kuwinda. Akaingiza mdomo kisandukuni, akavuta matandiko yote nje, kisha akatoa yai moja moja na kuliachia lianguke. Pwa. Pwa. Pwa. Pwa.

Mbayuwayu aliporudi alikuta maganda vumbini. Akatua kando yake, akayageuza moja moja kwa mdomo. Halafu akaenda kumshtakia Punda.

Punda alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa na meno ya kung'oa nguzo na mateke ya kumtimua fisi, lakini Kwezi alikwisha kumsalimia kwa sauti nzito na kumweleza kwamba nyumba ikikaliwa na mheshimiwa hupata jina. Punda akakohoa. Akasema mambo ya ndege anawaachia ndege, wakae chini wayamalize wenyewe.

"Na mayai yangu, Mzee?" Mbayuwayu akauliza.

"Utataga mengine," Punda akasema, akageukia pumba zake.

Kwezi akahamia. Kisanduku kimoja akakilala. Cha pili akakijaza mtama aliokuwa akiudokoa kwenye gunia la Punda. Cha tatu akakiacha kitupu, kusudi mwingine asikipate. Inzi hakuwagusa, alisema hicho ni chakula cha watu wa chini. Inzi wakarudi na jamaa zao, Punda akaanza tena kutingisha masikio, lakini akaona haya kulalamika mbele ya mkubwa.

Mvua zilikuwa zinakaribia, na Mbayuwayu alijisikia tayari kutaga tena. Asipopata pa kuatamia, mwaka ungepita bila mtoto. Kupigana na Kwezi hakuweza. Pigo moja la bawa lingemmaliza. Akakaa kwenye mti wa jirani akamtazama siku nzima, akitazama hasa jinsi anavyokula na anavyopenda kutazamwa. Asubuhi akamwendea na udongo mdomoni, akautua kando.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba radhi."

Kwezi akapanua kifua, akauliza radhi ya nini.

"Nilikaa mahali pasipo pangu. Nyumba hii ni ya hadhi yako. Ila mlango wake unanihuzunisha. Ni mpana mno. Kila Shomoro anayepita anakuona bure, tena umelala mdomo wazi. Wakubwa wa kweli milango yao ni myembamba. Anayetaka kuwaona hungoja nje."

Kwezi hakupenda kuonekana bure. Akauliza nani ataujenga mlango huo. Mbayuwayu akamjibu kwamba yeye kazi yake ni kukandika udongo, na atavikandika visanduku vyote vitatu vifanane, watu wajue vina mwenyewe mmoja.

"Utapimaje?"

"Kwa kichwa chako, Mheshimiwa. Sisi wadogo tunapimwa tumbo, maana ndilo tunalohangaikia. Mkubwa hupimwa kichwa. Kichwa kikipita, tumbo litazuiwa na nani?"

Kwezi akacheka kwa kuridhika, akainamisha kichwa kipimwe.

Mbayuwayu akashinda kati ya mto na banda, akibandika udongo tonge kwa tonge kuzunguka kila tundu, mpaka ikabaki nafasi ya kichwa cha Kwezi na si zaidi. Akamwomba alale juu ya paa udongo ukauke. Akamshauri pia autoe mtama, usije ukaota kwa unyevu. Kwezi akautoa, akakaa juu ya paa akaula wote.

Udongo ulipokauka, Kwezi akaalika ndege wa pande zote. Wakaja Kunguru, Njiwa na ukoo mzima wa Shomoro. Punda akafagia ua. Kwezi akahutubia kuhusu nyumba bora hadi Njiwa akasinzia, kisha akatangaza kwamba sasa wataona jinsi mheshimiwa anavyoingia kwake.

Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa kusukuma. Tumbo likasema hapana.

Akajaribu kurudi nyuma, manyoya yakakwama. Miguu ikarusharusha hewani, na wageni wakaona upande ule ambao hajawahi kuusifia.

"Mlango huu umekuwaje?" sauti ikatoka ndani, ndogo kama ya kifaranga.

"Mlango uko sawa, Mheshimiwa," Mbayuwayu akajibu. "Kichwa si kimepita?"

Watoto wa Shomoro wakaanza kucheka, mama zao wakafuata, na Kunguru akaanguka kutoka juu ya uzio. Kwezi akamlilia Punda amvute. Punda akamtazama Mbayuwayu asijue la kufanya.

"Atavutwa," Mbayuwayu akasema. "Lakini kwanza awaambie wageni mayai yaliyovunjika hapa yalikuwa ya nani, na nani aliyavunja."

Kisha Kwezi akasema yote, kisandukuni humo humo, na hakuna aliyecheka tena.

Punda akamng'ata mkia, akavuta kwa nguvu zake zote. Kwezi akachomoka, mkia ukabaki mdomoni mwa Punda. Akaruka akiyumba, akaenda kuishi kwenye shimo la mti mbali kabisa. Huko huwaambia watu kwamba alihama kwa sababu nyumba ile haikuwa na hewa.

Mbayuwayu akapita mlangoni bila kugusa kingo, na dada zake wakachukua vile visanduku viwili vilivyobaki. Punda naye akaja kumwambia kwamba yeye tangu mwanzo alijua Kwezi si kitu. Mbayuwayu akaenda kukamata inzi.

Kwa hiyo, watoto, ukiwa umemdhulumu mtu, kisha ukamsikia anakusifu kuliko mama yako, jiulize kwanza kwa nini.