Kwa Nini Picha Hukunjwa Japani

Zamani sana, kabla watu wa Japani hawajaanza kukunja picha zao kama majamvi, picha ikishatundikwa ilikaa ukutani mpaka ikaoza. Hakuna aliyeona ubaya wake. Wa kwanza kuuona alikuwa Genzo, na maskini aliuona akiwa amekwisha kuchelewa.

Genzo alikuwa mtengenezaji wa karatasi katika kijiji cha milimani. Alifiwa na mke, akabaki na binti mmoja tu, Chiyo, wa miaka tisa, aliyemsaidia kuosha mtoni magome ya mforosadi ya kutengenezea karatasi. Kazi hiyo ilifanywa majira ya baridi, maji yakiwa ya kuuma mpaka kwenye mifupa. Asubuhi moja Chiyo aliteleza, mto ukamchukua. Ndara zake za majani makavu zilibaki ukingoni. Mwili haukupatikana.

Genzo alichagua karatasi yake bora kuliko zote, akampelekea mchoraji mzee aliyeitwa Tokubei, akamwomba amchoree mtoto wake. Siku ya saba alikabidhiwa picha ya ukingo wa mto, ndara mbili, na ukungu. Sehemu kubwa ya karatasi haikuguswa na wino.

"Mwanangu yuko wapi, mzee wangu?" Genzo aliuliza, machozi yakimlengalenga. "Umenichorea viatu!"

"Sikuwahi kumwona mwanao, Bwana Genzo. Wewe ndiye unayemjua. Keti chini, nyamaza, umtafute mwenyewe ndani ya huo ukungu."

Genzo aliketi shingo upande. Kwanza alisikia maji. Kisha vidole vyake vikafa ganzi, na harufu ya magome mabichi ikamjaa puani. Halafu, nyuma ya ukungu, miguu mitupu ikapiga mawe: chap, chap, chap. Ilikuwa miguu ya Chiyo, ambaye siku zote alichukia kuvaa ndara. Genzo alilia kwa furaha mpaka Tokubei akamshika bega.

Aliitundika picha karibu na meko, akawa anaitazama asubuhi, mchana na jioni. Kazi ililala. Majirani walipomletea wali waliukuta wa jana haujaguswa. Hakutaka kupitwa na hata hatua moja ya mtoto. Lakini mwezi haukuisha, harufu ikapotea. Baadaye vidole vikaacha kufa ganzi. Genzo alizidi kukodoa macho, na kadiri alivyokodoa ndivyo miguu ilivyosikika kwa mbali. Siku moja alijikuta amemaliza chakula chote akiwa ameipa picha mgongo. Aligeuka akaona karatasi na wino. Alikaa mbele yake mpaka giza likaingia, asisikie kitu.

Alimkimbilia Tokubei. "Amekufa tena," alisema. "Safari hii nimemuua mimi."

Mchoraji hakumbishia. "Ikunje, uifungie sandukuni," alimwambia. "Usiifunue mpaka siku aliyochukuliwa na mto itakapotimiza mwaka. Labda masikio yako yatapona."

Genzo alivumilia mpaka mwaka ukatimia, akilala na sanduku ubavuni. Siku ilipofika aliitundika picha, akaketi, akanyamaza. Maji yalirudi. Baridi ikarudi vidoleni. Alingoja miguu mpaka magoti yakamkataa, na miguu haikuja. Alipohisi maji nayo yanaanza kufifia aliikunja upesi, abaki walau na hayo. Aliifunua mara kumi na moja kabla hajafa, kila mwaka mara moja. Maji aliyasikia kila mara. Miguu hakuisikia tena.

Majirani walioyajua hayo wakamwiga, na tangu wakati huo watu wa Japani huitundika picha kwa siku chache tu, kisha huikunja na kuirudisha gizani. Ikiwa ukutani huketi chini mbele yake, wakanyamaza kwanza kabla mtu hajaisifu. Ukiwauliza sababu ya kuikunja, watakutajia moshi, jua na wadudu. Hawapendi kumtaja baba aliyemmaliza mwanawe kwa kumtazama.