Mlolongo wa Fisi

Jua lilikuwa limeumaliza mto Mlegea, na wanyama wa bonde lile wakabaki na kisima kimoja. Kobe ndiye aliyekuwa mshika kata ya kuchotea maji: kila mnyama kata moja, hakuna nyongeza. Lakini nani atangulie kunywa, hilo liliamuliwa na mkuu wa bonde, Simba. Na mkuu alichaguliwa na wenye mapango na mashimo peke yao. Sungura, alalaye nyasini, hakuwa na sauti. Yeye, mkewe na watoto wao saba walikunywa mwisho, na walichokunywa ni tope.

"Bwana Mkubwa," Sungura akamwambia Simba, "kwani kiu huuliza mtu analala wapi?"

Simba akapiga miayo. "Basi wachague wote. Nani atasimama nyuma ya mwingine, nami nipo?"

Maana desturi ya bonde ilikuwa hiyo: umtakaye, unajipanga nyuma yake.

Fisi alipopata habari alizunguka vichaka vyote kwa siku tatu. Kila alipomaliza kuhutubia juu ya haki za wanyonge, alimwinamia msikilizaji wake na kumnong'oneza jambo.

Siku ya kuchagua, mlolongo wa Fisi ulizunguka kilima ukarudi ulikoanzia, hata Fisi akauona mkia wa mnyama wa mwisho mbele ya pua yake. Simba alibaki na wake zake wawili. Baada ya kitambo, mmoja.

Wanyama wakalivamia pango la Simba kusherehekea. Ngiri alipanda kitandani na matope yake. Tumbili (si Nyani, Nyani alikuwa na jabali lake) alibembea kwenye mizizi ya juu. Kifaru alikwama mlangoni, wakamsukuma kwa nyimbo. Sungura alicheka hata machozi yakamtoka, akayalamba yasipotee.

Asubuhi Fisi akamwondoa Kobe. "Umekaa na kata mno, mzee. Kazi ni kupokezana." Akaishika mwenyewe. Ukoo wa Fisi ukatangulia, kata tatu kila mmoja. Zamu ya Sungura ilipofika, lilibaki tope lilelile.

"Mheshimiwa, na ile ahadi yetu?"

"Kesho, ndugu yangu. Mambo ya utawala hayana haraka."

Njiani Sungura alimkuta Digidigi akitabasamu peke yake. "Una nini wewe?"

"Ni siri. Fisi atanipa mimi kata niishike. Kesho."

Sungura naye alikuwa ameahidiwa kata hiyohiyo, na siri hiyo ameitunza kama yai. Aliona haya, kisha akacheka, akarudi kwa Fisi.

"Mheshimiwa, Simba anasema mlolongo wako ulikuwa mfupi."

"Mfupi?" Masikio ya Fisi yalisimama. "Waite wote wajipange tena. Aje aone."

Wakajipanga, mlolongo ukazunguka kilima. Sungura akapaza sauti: "Leo Mheshimiwa anatimiza ahadi. Aliyeahidiwa kata atoke, asimame nyuma ya Kobe, akafundishwe kazi."

Fisi hakuwahi hata kukohoa. Digidigi alitoka. Ngiri alitoka.

"Wewe unakwenda wapi?" Tumbili akamwuliza Ngiri.

"Na wewe je?"

Wakatoka kumi, wakatoka mia, wakisukumana na kuchekana. Fisi alipogeuka alimwona shemeji yake tu.

"Wewe hukuahidiwa," Fisi akasema.

"Uliniahidi, shemeji. Siku ya harusi." Naye akaenda.

Kobe, kwa kuwa shingo yake hugeuka polepole, alikuwa wa mwisho kujua kwamba amechaguliwa kuwa mkuu wa bonde. Aliichukua kata, akaanza na walalao nyasini. Simba alipokuja aliambiwa ajipange, akajipanga nyuma ya mtoto wa saba wa Sungura. Fisi alikunywa mwisho, na alichokunywa ni tope.

Njia ya mwongo ni fupi.