Pishi Moja ya Bi Rudaina

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramauti palikuwa na mjane mchamungu, Bi Rudaina, aliyewaokea wasafiri mikate kwa unga wa wakfu. Yeye mwenyewe hakuonja hata ukoko. Sasa msikieni msimamizi wa wakfu, Mudhari, mwenye kilemba kikubwa kuliko akili!

Jumamosi alasiri alimburuta mama wa watu mbele ya kadhi. "Jumatatu alioka masinia matano, zikatoka ghalani pishi kumi na sita za unga. Leo masinia matano vilevile, zimetoka ishirini na tatu! Saba kaziiba. Afukuzwe tanurini, na jina lake litangazwe msikitini."

Damu ilimchemka Bi Rudaina. Miaka kumi na minane ya moshi machoni, leo aitwe mwizi!

"Ewe Mudhari, sinia kubwa na dogo kwako ni mamoja? Jumatatu yalikuwa makubwa mawili na madogo matatu. Alhamisi makubwa mawili yaleyale, madogo matano, pishi ishirini. Kipi kilizidi?"

"Madogo mawili," akanung'unika.

"Na pishi?"

"Nne."

"Basi sinia dogo ni pishi mbili. Rudi Jumatatu: toa sita za madogo, zabaki kumi za makubwa mawili. Kubwa moja je?"

"Tano," akajibu kadhi, akitabasamu.

"Leo makubwa manne, ishirini. Dogo moja, mbili. Jumla..."

Bi Rudaina akahesabu tena. Ishirini na mbili, na ghalani zimetoka ishirini na tatu! Mudhari alikuwa bado anakunja vidole, maskini. Bi Rudaina angenyamaza tu, angeshinda. Lakini Mola hahesabu kwa vidole.

"Ishirini na mbili, ewe Kadhi. Moja imepotea mkononi mwangu. Kiriba cha maji kilivuja, unga ukalowa, nikawamwagia njiwa na kuona haya kusema. Ilikuwa amana, nami nikaificha."

"Amekiri!" Mudhari akaruka.

"Nyamaza wewe!" Kadhi akafoka. "Aliyejishitaki kwa pishi ambayo hukuiona ataibaje hizo sita? Yeye atairudisha hiyo moja. Nawe utamkandia unga siku saba, mikono yako ijifunze lililoshinda kichwa."

Enyi waumini, ni aibu, wallahi, kumvunjia mja heshima kwa hesabu nusu. Na wewe uliyedhulumiwa, dai haki yako yote, wala usidai hata chembe inayozidi.