Vyombo vya Mama Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wasiojua kubisha hodi, aliishi Mama Digidigi na watoto wake wanne. Mnamjua digidigi? Kapaa kadogo, miguu kama vijiti, macho makubwa. Ukimtazama utasema upepo utambeba. Msimdharau!

Kila sikukuu ya mavuno, wakubwa wa mtaa walikula kwake. Mzee Tembo alikuja, ndi! ndi! ndi! Bi Kiboko akaja, mbwata! mbwata! Bwana Nyati naye akaja akipumua, fyuu! Nani aliwaalika? Hakuna! Walikuja kwa sababu mwaka uliopita walikuja, na mwaka wa kabla yake pia.

"Mama Digidigi, wali umeisha!"

"Mama Digidigi, mbaazi ziko wapi?"

"Mama Digidigi, maji!"

Naye, maskini, alishinda jikoni akipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Mwaka mmoja wageni waliondoka jua likizama, wanajipapasa matumbo. Mama Digidigi akakwangua ukoko, akaula amesimama. Kitindamimba wake, Tunu, alikuwa amemngoja tangu asubuhi waketi pamoja mkekani.

"Mama," Tunu akauliza, "hii ilikuwa sikukuu yao. Yako ni lini?"

Mama Digidigi aliumia, akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwakani," akasema, "mimi na wewe tutakula sahani moja, chakula kikiwa cha moto. Haki ya nani!"

Sasa, watoto, mwingine angengoja sikukuu ifike mlangoni ndipo aanze kuhangaika. Yeye alianza siku mvua ya kwanza ilipodondoka, mahindi yakiwa bado mbegu mkononi.

Alichukua sufuria yake kubwa kuliko zote, ile ya wali wa sikukuu. Akaweka maandazi saba chini kabisa, akafunika, akajitwika mpaka kwa Mzee Tembo. Shingo ilimtetemeka, lakini alifika.

"Hodi! Nimekuletea maandazi, Mzee."

"Ebo! Sufuria yote hii?" Tembo akafunua, akaingiza mkonga, fyonz! Maandazi saba yakaenda kwa mkupuo mmoja. "Asante. Sufuria nitairudisha kesho."

"Haraka ya nini, Mzee? Utakuja nayo sikukuu."

Tembo akaitupa nyuma ya mlango. Mnawajua majirani wa namna hiyo! Chombo chako kikiingia kwao, kinapata uraia.

Mahindi yalipotoa mbelewele, chungu cha mbaazi kikaenda kwa Bi Kiboko na viazi vitamu vitano ndani. Mahindi yalipokauka, sinia kubwa likaenda kwa Bwana Nyati na kashata chache. Jikoni kwa Mama Digidigi, cha kupikia kikabaki kikaango kimoja, tena kilichotoboka.

Siku moja, lo! Anamwona Nyati njiani na sinia kati ya pembe. Sinia likirudi leo, mpango wote umekufa.

"Mama Digidigi, chukua sinia lako."

"Ala! Bwana Nyati, sinia tupu? Mchana kweupe? Umesahau kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu?"

Hiyo ndiyo desturi, watoto, hata kwetu. Jirani akikuletea chombo na kitu ndani, unakirudisha na kitu, hata limau moja. Nyati akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

"Nilikuwa... nalitembeza tu," akasema, akageuka mbio, gudu! gudu! gudu!

Juma moja kabla ya sikukuu, Mama Digidigi akaenda kwa Mzee Tembo.

"Tunakuja kwako kama kawaida," Tembo akanguruma. "Umejitayarisha?"

"Tangu mvua ya kwanza, Mzee. Karibuni sana. Ila ile sufuria, ukija nayo, tia hata limau moja, yatosha. Bi Kiboko ndiye anayejaza chungu mbaazi za nazi mpaka ukingoni. Wewe usijisumbue."

"Limau?" Masikio ya Tembo yakapepea, pa! pa! "Kiboko ajaze chungu, mimi nilete limau?"

Mama Digidigi huyo, mpaka kwa Bi Kiboko. "Shoga yangu, limau moja latosha. Bwana Nyati ndiye anayejaza sinia vitumbua mpaka vinaporomoka."

"Nyati? Yule asiyejua hata kuchemsha maji?"

Mwisho kwa Bwana Nyati. "Mzee Tembo anajaza sufuria wali wa nazi. Lakini wewe, limau tu..."

"Usinitajie limau!" Nyati akafoka, akaanza kutafuta unga.

Siku tatu mtaa haukutulia. Nazi zikakunwa, kwaru! kwaru! Vinu vikalia, tu! tu! tu! Bi Kiboko aliungua ulimi akionja, na Nyati akaunguza vitumbua mara mbili.

Sikukuu ikafika. Mama Digidigi aliwaogesha watoto, akavaa kanga mpya, akatandika mkeka, akaweka sahani na upawa, akaketi. Jiko lake lilikuwa baridi. Nisiwafiche, aliogopa. Wakija na malimau je? Lakini hakuinuka.

Ndi! ndi! ndi! Mbwata! mbwata! Fyuu!

Wakaingia wote watatu, jasho linawatiririka, wakatua mizigo yao mkekani. Tembo akachungulia jikoni.

"Mbona jiko baridi?"

"Ningepikia nini, Mzee? Sufuria unayo wewe."

Tembo akamgeukia Kiboko. "Mimi nimejaza kwa sababu wewe unajaza."

"Mimi nimejaza kwa sababu Nyati anajaza!"

"Nami kwa sababu yako, Mzee!"

Macho sita yakamgeukia Mama Digidigi.

"Umetudanganya!" Tembo akapiga mbiu, paaaa!

"Uongo uko wapi?" Mama Digidigi akauliza. "Nilisema kila mmoja anajaza. Hebu funueni tuone kama nimeongopa."

Wakafunua. Sufuria imejaa, chungu kimejaa, vitumbua vinaporomoka kweli. Harufu ya nazi ikapanda. Tembo alitaka kukasirika, lakini tumbo likamwaibisha, nguruuu!

"Haya," akasema, "basi tupakulie."

"Mzee," Mama Digidigi akajibu, amekaa vilevile, "upawa uko mbele yako."

Tembo akautazama upawa. Akamtazama yule kiumbe mdogo asiyeinuka. Kisha akaushika kwa mkonga, akapakua, na sahani ya kwanza akampa mwenye nyumba.

Mama Digidigi akamvuta Tunu karibu. Wali ulikuwa unafuka moshi.

"Mwaka jana uliniuliza sikukuu yangu ni lini."

"Ndiyo, Mama."

"Ni leo. Kula, mwanangu, usije ukapoa."

Nami hadithi yangu naiachia pale mkekani, na neno lake ni hili: sikukuu ukiipanga mapema utaila, ukiingoja itakula wewe.