Kwa Nini Punje ya Jeli Hunywea Ikigusa Chumvi

Kaeni niwaeleze habari ya Punje, na anayetaka kumtetea angoje nimalize.

Hapo kale punje ya jeli, hii ambayo wakulima huifukia penye mizizi ya miche itunze maji, ilikunywa maji yote bila kuchagua, ya chumvi na matamu, na haikutoa hata tone. Haikuota shambani wala haikuzaliwa. Mafundi waliipika, wakaiita Punje, wakaiacha itembee duniani. Mpaka leo hawajaomba radhi.

Kiangazi kimoja Punje alifika kijiji cha nyika chenye kisima kimoja tu. Desturi ya hapo, kata ya kwanza ya maji ya asubuhi ilikuwa ya mwanamke aliyejifungua. Hata mzee wa kijiji hakuigusa. Mzazi wakati huo alikuwa Mbeyu, mtoto wake ana siku nne, na maziwa yalikuwa ya shida.

"Mama zangu, naombeni nilambe tu," Punje alisema.

Wanawake waliokuwa kisimani walimwona mkavu, mdogo kuliko chembe ya mchele, wakamtia ndani ya kata ya Mbeyu. Akainywa yote. Akafura, akateleza kisimani, akanywa huko mpaka akaziba mdomo wa kisima, laini, anang'aa, hana haya. Mtoto akanyonya titi tupu, akalia hadi sauti ikamkauka.

"Toa maji ya mzazi," wanawake walimwambia.

"Niliyokunywa ni yangu."

Yake, eti. Maji ya mtoto wa siku nne.

Mbeyu aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha chumvi aliyowekewa kwa uji wake, akammwagia mgongoni. Punje akaanza kuvuja. Maji ya kwanza yalimwagika nje pamoja na chumvi, mengine yakarudi kisimani, naye akanywea mpaka akaenea kwenye ukucha. Mbeyu alikunywa kata yake, na kesho yake titi likajaa.

Kisha akamfukia Punje penye mzizi wa mpapai uliokuwa unanyauka. "Kaa hapo," alimwambia. "Ukipata maji, nawe unyonywe."

Na tangu siku hiyo punje ya jeli hufura kwa maji matamu, hunywea ikigusa chumvi, na hukaa udongoni ikiunywesha mche hadi yenyewe ikauke. Wako wanaoisifu kwamba ni karimu. Ukarimu gani? Haitoi kitu. Mizizi ndiyo inayoinyonya.